Malaria mara mbili, taifodi mara mbili, na moto bado unanipanda

Dada mshauri, habari za kazi.

Mimi ni mama wa miaka 49, nina watoto wanne, na kazi yangu ni mama lishe hapa Dar es Salaam. Tangu mwezi wa nane mwaka jana napatwa na kitu ambacho sijui nikiite nini. Moto unaanzia kifuani, unapanda shingoni hadi usoni, jasho linatiririka mpaka kilemba kinalowa, moyo unadunda. Baada ya dakika chache naanza kuhisi baridi, nataka kujifunika. Mchana hunijia mara sita au saba, na nikiwa karibu na jiko ndiyo zaidi. Usiku huniamsha mara tatu, nabadilisha khanga, asubuhi naamka kama sijalala.

Nimekwenda kupima mara nne ndani ya mwaka. Mara mbili kipimo kilionyesha malaria, nikapewa dawa mseto. Mara mbili wakasema ni taifodi, nikachomwa sindano siku tano. Hali iko vilevile.

Nina presha. Nilikuwa natumia amlodipini ya miligramu 5, mwezi wa kwanza wakanipandisha hadi 10. Jioni miguu inavimba. Siku zangu nilikaa miezi minne bila kuziona, mwezi uliopita zikaja nzito, siku tisa, na mabonge.

Jirani ananiambia ninywe vidonge vya majira ili homoni zirudi. Mwingine anauza kwa WhatsApp chupa ya lita moja, anasema inasafisha kizazi na kusawazisha homoni. Yuko pia aliyeniambia nimeingiliwa na jini. Baba watoto naye hana raha: usiku nahama kitandani nakwenda kulala sakafuni kwenye ubaridi, anadhani namkwepa. Na kweli, tendo lenyewe siku hizi linaniuma.

Nisaidie. Hii ni nini, itaisha lini, na nitumie kipi?

Mama lishe, Dar es Salaam

*

Dada yangu, pole sana.

Ulivyoeleza ndivyo wakunga na madaktari wa wanawake wanavyoisikia hali hii kila siku: joto linaanzia kifuani na kupanda, linafuatiwa na jasho na moyo kwenda mbio, kisha kibaridi, huku hedhi imeanza kuruka miezi na umri umefika 49. Haya ni mafukuto ya kukoma hedhi. Wengine huyaita joto la ghafla. Kwa mwanamke aliyevuka miaka 45 mwenye dalili kama zako, hakuna haja ya kupima homoni kwenye damu ili kuthibitisha. Kipindi hiki homoni hupanda na kushuka wiki hadi wiki, na majibu ya leo yanaweza kupingana kabisa na ya mwezi ujao. Ukiambiwa ulipie seti nzima ya vipimo vya homoni, weka fedha yako. Kuna vipimo vingine utakavyovihitaji zaidi.

Ila barua yako ina mambo matatu ambayo sitaki yapotelee chini ya jina hilo moja: zile homa ulizotibiwa, dawa ya presha, na damu ya siku tisa.

Nianze na homa. Nunua kipimajoto cha kidijitali. Fukuto likikujia usiku, ukiwa kitandani mbali na jiko, futa jasho kwapani kwa kitambaa kikavu (kwapa lililolowa hutoa namba ya chini kuliko ukweli), bana kipimajoto mpaka kilie, andika namba. Pima tena baada ya nusu saa. Fukuto huifanya ngozi iwe ya moto, uso uwake, lakini joto la ndani ya mwili halipandi kufikia homa. Mara nyingi baada ya jasho hushuka kidogo, na hicho ndicho kibaridi unachokisikia. Namba ikiwa 37.5 au zaidi, na ikabaki hapo, hilo si fukuto. Nenda ukapime malaria siku hiyohiyo, usisubiri kwa kuwa umesoma hapa kwamba una mafukuto. Mwanamke anayekoma hedhi huumwa malaria kama mtu mwingine yeyote.

Kwa nini basi vipimo vilionyesha malaria na taifodi? Siwezi kusema kwamba hukuwa nazo. Lakini kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu kwenye kidole, hutafuta protini ya vijidudu, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vijidudu kufa. Ukirudia kupima wiki tatu baada ya kumaliza dozi, kinaweza kuonyesha mistari miwili ilhali umeshapona. Ukiwa umetibiwa karibuni, omba kipimo cha darubini. Taifodi ina shida kubwa zaidi: kipimo cha Widal hupima kinga ya mwili, na katika miji yetu watu wengi wazima wana kinga hiyo kwa kuwa waliwahi kukutana na vijidudu au jamaa zake. Kipimo cha uhakika ni kuotesha damu maabara. Sindano za siku tano kwa sababu ya Widal peke yake, bila homa iliyopimwa kwa kipimajoto, ni matibabu nisiyoweza kuyatetea. Umechomwa, umelipa, na chanzo hakikuguswa.

Kuna jasho la usiku lisilo la kukoma hedhi, na lazima liulizwe. Je, una kikohozi cha wiki mbili au zaidi, unakonda bila kutaka, hamu ya kula imekwisha? Hapo kipimo cha kifua kikuu kinatangulia. Unakonda huku unakula vizuri, mikono inatetemeka, choo kinakuwa laini mara kwa mara, moyo unakwenda mbio hata kama hakuna fukuto? Hiyo ni tezi ya shingo kufanya kazi kupita kiasi, inapimwa kwa damu. Kama hujapima VVU kwa muda mrefu, pima. Na jambo moja la kukumbuka sana kwa mtu wa presha: fukuto haliumi. Jasho la ghafla likija pamoja na kifua kubanwa, maumivu kwenda mkononi au kwenye taya, pumzi kukata au upande mmoja wa mwili kulegea, usihesabu dakika. Nenda hospitali hapohapo.

Sasa dawa ya presha. Amlodipini hutanua mishipa ya damu. Ndiyo kazi yake, na kwa sababu hiyohiyo inaweza kuleta uso kuwaka, maumivu ya kichwa na miguu kuvimba jioni. Athari hizi huongezeka dozi inapopanda, na uso kuwaka huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Mafukuto yako yalianza mwezi wa nane, dozi ikapandishwa mwezi wa kwanza. Kwa hiyo dozi hiyo kubwa haikuyaanzisha, lakini inawezekana kabisa inayachochea, na uvimbe wa miguu unanifanya niishuku zaidi. Kumbuka: je, baada ya mwezi wa kwanza yaliongezeka? Je, kuna joto la usoni lisilo na jasho, linalokuja saa chache baada ya kumeza kidonge? Ukijibu ndiyo, mweleze daktari. Kuna dawa za presha za aina nyingine, kwa mfano losatani, ambazo hazina tabia hiyo. Usiiache wala kuipunguza mwenyewe. Presha iliyoachwa bila dawa ina madhara makubwa kuliko fukuto lolote.

Tafuta daftari dogo, la shule linatosha. Kwa wiki nne andika kila fukuto: saa, limedumu dakika ngapi, lilikuwa kali kiasi gani kati ya 1 na 10, ulikuwa unafanya nini, ulikula au kunywa nini saa hiyo, na kipimajoto kilisema nini kama ulipima. Andika saa unayomeza dawa ya presha. Andika siku za damu na idadi ya pedi. Presha ipimwe mara mbili kwa wiki, umekaa dakika tano kimya, miguu sakafuni, mkono usawa wa moyo, na isiwe katikati ya fukuto. Daftari hili lina thamani kuliko kipimo chochote cha homoni, kwa sababu tiba huchaguliwa kulingana nalo na baadaye ndilo litakaloonyesha kama tiba inafanya kazi.

Kuhusu damu. Hedhi kuruka miezi ni kawaida ya kipindi hiki. Damu ya siku tisa yenye mabonge, kwa mwanamke wa miaka 49, haitakiwi kuachwa hivihivi. Kwanza pima mimba kwa mkojo wa asubuhi. Najua unashangaa, lakini yai bado linaweza kutoka miezi mingine, na damu nzito baada ya kukosa miezi minne inaweza kuwa mimba iliyoharibika. Kisha upimwe wingi wa damu, maana upungufu wa damu nao hufanya moyo udunde na mwili uchoke. Ufanyiwe ultrasaundi ya kizazi, ambayo itaonyesha kama kuna fibroidi (uvimbe wa kizazi usio saratani) au ukuta wa ndani umenenepa. Daktari anaweza kutaka kuchukua kipande kidogo cha ukuta huo kukipima. Usikikatae kipimo hicho, ndicho kinachoonyesha saratani ya kizazi kabla haijaenea. Waombe wakuangalie na shingo ya kizazi siku hiyohiyo. Pedi ikijaa kila saa kwa saa mbili mfululizo, au ukahisi kizunguzungu ukisimama, hiyo ni dharura. Na ukishatimiza miezi 12 bila damu kabisa, ndipo tunasema hedhi imekoma. Tone lolote baada ya hapo, hata dogo, hata la mara moja, linahitaji kuonwa na daktari.

Uzazi wa mpango bado unahusika. Hedhi ikikoma kabla ya miaka 50, endelea kujikinga kwa miaka miwili tangu damu ya mwisho. Ikikoma baada ya 50, mwaka mmoja.

Umeuliza itaisha lini. Fukuto moja hudumu dakika moja hadi tano kwa kawaida. Kipindi kizima ni kirefu kuliko watu wanavyodhani. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao SWAN, uliowafuata wanawake kwa miaka mingi, ulitoa hesabu zake 2015: nusu ya waliokuwa na mafukuto ya mara kwa mara walikaa nayo zaidi ya miaka 7.4. Walioanza kuyapata wakiwa bado wanaona siku zao, kama wewe, walikaa nayo zaidi ya hapo, na kati ya Wamarekani weusi wote wenye mafukuto hayo, nusu walikaa nayo zaidi ya miaka 10.1. Wako wanaomaliza ndani ya mwaka au miwili, na huenda ukawa mmoja wao. Lakini kwa hesabu kama hizo, kumwambia mwanamke asiyelala usiku "vumilia, litapita" ni kumwacha peke yake.

Kinachotokea mwilini kinaelezeka, na nadhani ukikijua lile neno la jini halitakusumbua tena. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayolinda joto la mwili. Kwa kawaida ina nafasi ya kuvumilia: joto la ndani likipanda kidogo haishtuki, mpaka livuke takribani nyuzi 0.4. Vifuko vya mayai vinapopunguza estrojeni, chembe za neva zilizokuwa zinatulizwa na homoni hiyo huvimba na kupiga kelele, na ile nafasi ya uvumilivu hupungua mpaka karibu na sifuri. Basi chai ya moto, ngazi, hasira, mvuke wa sufuria, vyote vinatosha kuuambia ubongo kwamba mwili unaungua. Unafungua mishipa ya ngozi, unamwaga jasho, moyo unakimbia. Kisha mwili unapoa kuliko ilivyotakiwa, unatetemeka. Mwili mzima uko sawa. Kilichoharibika ni kipimio.

Sasa chupa na vidonge vya majira.

Vidonge vya majira: hapana, si kwako. Vina estrojeni yenye nguvu kubwa zaidi kuliko ile ya tiba ya kukoma hedhi, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema mwenye presha, hata iliyodhibitiwa, kwa kawaida asivitumie. Presha ikifika 160 juu au 100 chini ni marufuku kabisa. Hatari yake ni kiharusi. Jirani yako ana nia njema, na kwa mwanamke wa miaka 44 asiye na presha, asiyevuta sigara, asiye na kipandauso cha kuona mwanga, vidonge hivyo huwa vinasaidia kweli. Ndiyo sababu ushauri wa jirani ni wa hatari: huenda kwake ulifaa.

Chupa ya lita moja isiyo na orodha ya kilichomo usiinywe. Mitishamba kadhaa inayouzwa kwa ajili ya homoni imewahi kuhusishwa na ini kuharibika. Mizizi ya urukususu, ambayo ni tamu na huchanganywa kwenye dawa nyingi za aina hiyo, hupandisha presha na kushusha madini ya potasiamu. Kizazi hakihitaji kusafishwa. Kujifukiza ukeni nako acha: mvuke unaunguza ngozi ambayo tayari imekonda, na joto lenyewe linaita fukuto. Soya kwenye uji ni chakula kizuri, kula, ila usitarajie iondoe mafukuto. Tafiti zake hazikubaliani.

Tiba yenye nguvu kuliko zote ni homoni zenyewe, kwa dozi ndogo ya kurudishia kilichopungua. Hupunguza idadi ya mafukuto kwa takribani robo tatu. Wengi wanaiogopa kwa sababu ya utafiti wa WHI wa Marekani, ambao sehemu yake moja ilisimamishwa 2002 baada ya kuonyesha ongezeko la saratani ya matiti. Woga huo ulienezwa bila hesabu. Washiriki walikuwa na wastani wa miaka 63, wengi hedhi ilikoma miaka mingi nyuma, walimeza aina moja ya vidonge, na ongezeko lilikuwa wanawake 8 kwa kila 10,000 kwa mwaka. Kwa mwanamke mwenye mafukuto makali, aliye chini ya miaka 60 au ndani ya miaka kumi tangu hedhi ikome, faida kwa kawaida huzidi hatari. Asiyeitumia ni yule aliyewahi kuwa na saratani ya matiti, kiharusi, mshtuko wa moyo, damu kuganda mguuni au mapafuni, ugonjwa wa ini unaoendelea, au mwenye damu ya ukeni isiyojulikana chanzo. Hilo la mwisho ni wewe kwa sasa. Ndiyo maana ultrasaundi inatangulia.

Chanzo cha damu kikijulikana na presha ikishuka, muulize daktari kuhusu estrojeni ya kubandika au kupaka. Inapitia ngozini bila kupitia ini kwanza, kwa hiyo haiongezi hatari ya damu kuganda kama kidonge kinavyofanya. Dozi ya kuanzia ya kibandiko mara nyingi ni mikrogramu 25 hadi 50 kwa siku, kinabadilishwa mara mbili kwa wiki. Kwa mwenye kizazi, lazima iandamane na projesteroni, homoni nyingine inayoulinda ukuta wa kizazi. Estrojeni peke yake hunenepesha ukuta wa kizazi na kuleta saratani. Kwa anayeendelea kuona siku, huwa miligramu 200 za projesteroni kila usiku kwa siku 12 hadi 14 za mwezi. Inywe wakati wa kulala, inaleta usingizi. Nafuu huanza wiki ya pili hadi ya nne, matokeo kamili miezi mitatu. Kwa kazi yako ya jasho, kibandiko kitabanduka ukikiweka tumboni karibu na mkanda wa sketi. Kiweke juu ya tako, ngozi ikiwa kavu, bila mafuta wala losheni, kikandamize kwa kiganja sekunde kumi, na kila mara badilisha upande. Kamwe si kwenye titi. Duka la dawa la mtaani huenda lisiwe nacho. Ulizia famasi ya hospitali kubwa.

Kama homoni hazitakufaa, ziko dawa nyingine, zote za kuandikiwa na daktari. Gabapentini, inayojulikana zaidi kwa kifafa na maumivu ya mishipa ya fahamu, inafaa hasa kwa anayeteswa usiku: miligramu 300 wakati wa kulala ni mwanzo wa kawaida. Asubuhi za kwanza utaamka na kizunguzungu, kwa hiyo anza siku usiyokwenda kazini, na usiiache ghafla. Venlafaksini, dawa ya sonona, kwa miligramu 37.5 hadi 75 husaidia pia, lakini inaweza kupandisha presha, kwako isingekuwa chaguo langu la kwanza. Paroksetini, nayo ya sonona, kwa dozi ndogo hufanya kazi, ila isitumiwe na anayetibiwa saratani ya matiti kwa tamoksifeni, maana huizuia tamoksifeni isifanye kazi. Tangu 2023 kuna dawa mpya Marekani, fezolinetanti, inayotuliza zile chembe za neva zenyewe. Inadai vipimo vya ini vya mara kwa mara.

Wakati unasubiri kliniki kuna mengi ya kufanya nyumbani na jikoni. Niseme kweli: feni, maji baridi na nguo nyepesi havipunguzi idadi ya mafukuto. Vinapunguza mateso ya kila moja, na usiku mateso ndiyo yanayokunyima usingizi.

Godoro lako kama bado lina ile nailoni ya dukani, litoe leo. Nailoni inarudisha jasho mgongoni. Tandika shuka la pamba lililokunjwa mara mbili. Gauni la kulalia la mtumba lipime kwa uzi: chomoa uzi kwenye pindo, uwashe kwa kiberiti. Pamba huungua ikawa jivu laini lenye harufu ya karatasi. Nailoni na poliesta huyeyuka zikawa kidonge kigumu. Yanayoyeyuka usilale nayo, na hata kilemba na baibui la kazini yapitishe mtihani huo. Jifunike khanga mbili nyepesi badala ya blanketi moja, ili utoe moja bila kuamka kabisa, na uweke ya tatu kavu chini ya mto. Chandarua usikitupe hata siku moja. Feni iwe nje ya chandarua, karibu, kama mita moja, usawa wa kiwiliwili, kwa kuwa matundu yanapunguza upepo. Umeme ukikatika, kipepeo cha ukili kiwe kitandani.

Jikoni tatizo ni saa unazokaa mbele ya mkaa. Maharage loweka usiku kucha, mwaga maji, yachemshe kwa nguvu dakika 20 hadi 30, kisha sufuria yenye kifuniko iingie kwenye kapu lililojazwa matambara au blanketi kuukuu, ufunike juu. Yataendelea kuiva yenyewe kwa saa kadhaa bila moto, na sufuria kubwa hutunza joto vizuri kuliko ndogo. Yachemshe tena kabla ya kuuza. Usiruke lile chemsho la mwanzo, maana maharage mekundu yasiyochemka vizuri yana sumu. Jiko likae upande upepo unakokwenda, wewe upande unakotoka. Beseni la maji safi na kitambaa cha shingoni viwe karibu. Chai na supu subiri zipoe, na angalia kwenye daftari kama pilipili ni chanzo kwako; si kwa wote.

Fukuto likianza mbele ya wateja, weka mwiko chini, sogea hatua mbili, legeza mabega, pumua taratibu, uache lipite. Usipigane nalo. Kupumua hakuzuii fukuto, lakini wazo la "wote wananitazama" huongeza mapigo ya moyo na kulirefusha kwenye hisia. Majaribio ya King's College London yaliyotolewa 2012 yalionyesha kwamba wanawake waliofundishwa kubadilisha mawazo hayo kwa wiki chache walipata nafuu, mafukuto yao hayakuwasumbua kama zamani, ingawa hesabu ya usiku na mchana haikushuka sana.

Baba watoto mwambie hivi: "Sikukimbii wewe, nakimbia joto. Mwili wangu unawaka usiku mara tatu na nina kliniki ya kwenda." Mpe daftari asome, na akiweza mwende wote. Maumivu ya tendo yana chanzo hichohicho: estrojeni ikipungua, uke hukauka na ngozi yake hukonda. Acha sabuni ya ndani, acha shabu na chochote cha kukaza. Tumieni kilainishi cha maji kutoka duka la dawa. Mkitumia kondomu, mafuta ya nazi na losheni huzipasua. Hilo lisipotosha, kuna krimu ya estrojeni ya ukeni ambayo karibu yote hubaki palepale, ingawa nayo isubiri majibu ya ile damu.

Kliniki nenda wiki hii, usisubiri daftari lijae. Damu haingoji wiki nne. Sema kwa mpangilio huu: "Nina miaka 49, nina presha, natumia amlodipini 10. Nilikosa hedhi miezi minne, nikatoka damu siku tisa yenye mabonge. Napata mafukuto mara tisa au kumi kwa siku, na nikipima kwa kipimajoto napata namba hizi." Ukijibiwa kwamba ni umri, uvumilie, omba kwa upole uandikiwe rufaa ya kliniki ya magonjwa ya wanawake katika hospitali ya wilaya au ya mkoa. Kwa damu ile, rufaa hiyo ungeistahili hata kama fukuto lisingekugusa.